Pointi zangu za taimushea zinakufa Desemba. Nizikodishe vipi nisitapeliwe?

Mama wa Shella, Malindi

Assalaam aleykum jamaa. Nawauliza nyinyi mnaoyajua haya, maana mimi ni muuguzi mstaafu, maisha yangu yote nilikuwa wodini, na mambo ya kukodisha sina uzoefu nayo.

Mwaka 2011 mimi na marehemu mume wangu tulinunua taimushea, yaani haki ya kulala siku kadhaa kila mwaka, kwenye hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi. Yetu si ya wiki maalumu, ni ya pointi. Kila Januari tunawekewa pointi 60,000, na kwa hizo unabuku nyumba ndani ya hoteli kwa siku unazotaka. Wakati wa masika nyumba yapatikana kwa pointi chache, Desemba nyumba ile ile yataka maradufu. Watoto walipokuwa wadogo tuliitumia vizuri sana, walijifunzia kuogelea pale. Sasa mzee ametangulia mbele ya haki, huu ni mwaka wa tatu. Watoto wako Nairobi na Doha. Mimi naishi Shella, dakika kumi kwa tuktuk hadi hotelini, na kulala kule peke yangu siwezi, kila pembe ina kumbukumbu.

Lakini ada ya matunzo haingoji mtu amalize msiba. Mwaka huu nimelipa shilingi 96,000. Nimepiga hesabu, kila pointi imenigharimu shilingi 1.60. Wiki ya Krismasi, nyumba ya vyumba viwili, inakula pointi 42,000, yaani shilingi 67,200 za ada yangu. Mgeni akibuku mwenyewe hotelini wiki hiyo analipa zaidi ya hapo kwa mbali. Nikimkodishia mtu kwa 75,000 atakuwa amepata nafuu, na mimi sehemu kubwa ya ada imerudi. Nisipozitumia, tarehe 31 Desemba zinakufa. Kuzisogeza mwakani yawezekana kwa sehemu tu, na kwa malipo mengine.

Sasa sikilizeni lililonitia hofu. Wiki iliyopita alinipigia kijana mmoja, sauti ya upole, Kiswahili safi, ananiita mama. Akasema yuko kwenye kampuni ya Nairobi inayotafutia wateja wenye pointi kama mimi, na ana Mwitaliano anayetaka pointi zangu zote 60,000 kwa shilingi 240,000. Alijua nina pointi ngapi. Alimtaja mume wangu kwa jina lake kamili, majina yote matatu, na akanipa pole. Nilikaa kitini nikalia. Kisha akaniambia nitume shilingi 18,500 za usajili na kodi, nitarudishiwa Mwitaliano akishalipa, na nimpe neno la siri la akaunti yangu ya klabu, klabu ya sisi wenye taimushea, ili "ahamishe pointi". Nikamwambia nitaongea na wanangu kwanza. Tangu siku hiyo anapiga mara mbili kwa siku.

Moyo wangu waniambia huyu si mtu mwema, lakini 240,000 ni pesa nyingi na sitaki kumdhania mtu vibaya bure. Na akiwa ni mwongo, basi njia ya kweli ni ipi? Nataka kulinda changu, na pia sitaki mtu aje na watoto wake kwa maneno yangu halafu akwame getini.

Dada wa Mapokezi

Shikamoo mama, na pole kwa mzee. Huyo kijana ni tapeli. Usitume hata shilingi moja, na usimpe neno la siri. Mimi nimekaa mapokezi miaka tisa, Malindi na Watamu, na sijaona mtu anayeleta mteja wa kweli akaanza kwa kuchukua pesa kwa mwenye mali. Dalali wa kweli anakata chake mteja akishalipa. Ukiambiwa lipa ndipo ulipwe, kata simu. Na bei yenyewe ikusemeshe: anakupa shilingi nne kwa kila pointi, na mtu mwenye pesa hiyo angepiga simu hotelini akabuku bila kukutafuta wewe.

Jina la mzee na idadi ya pointi zisikutie imani. Orodha za wanachama huvuja na kuuzwa. Wanapenda sana kuwatafuta wajane na wastaafu, na hili huniuma kila nikilisikia.

Mama, neno moja ulishike. Pointi zenyewe hukodishi. Zinabaki kwenye akaunti yako, mkononi mwako. Unachomkodishia mtu ni nafasi uliyobuku wewe, kwa tarehe fulani, nyumba fulani, ambayo baadaye unaiandikisha kwa jina la mgeni. Klabu zinaita cheti cha mgeni. Ukishalielewa hilo utaona kwamba hakuna mteja duniani mwenye haja ya neno lako la siri, wala zile tarakimu zinazotumwa kwa simu ukitaka kuingia.

Nilimwona bwana mmoja mzima, mtu wa heshima, alimpa "mteja" neno la siri ili abuku mwenyewe. Yule mtu akabadilisha barua pepe ya akaunti, akabuku wikiendi nne kwa majina ya watu wengine, na pointi zilipokwisha akakopa za mwaka unaofuata, maana klabu nyingi zinaruhusu kukopa za mbele. Bwana alikuja kwetu kaunta na risiti ya ada mkononi, ameshalipia, na akaunti ni sufuri. Wale wageni nao walikuwa wamemlipa tapeli pesa zao halali. Hakuna aliyefurahi siku ile.

La pili: soma kanuni za klabu yako kabla ya kutangaza. Kukodisha nafasi ya hoteli yako mwenyewe klabu nyingi zinaruhusu, kwa masharti. Lakini nafasi uliyoipata kwa kubadilishana kupitia mitandao kama RCI, ambako wenye taimushea hubadilishana nafasi za hoteli mbalimbali, ni jambo lingine. Kanuni za RCI zinakuruhusu kumpa rafiki au ndugu kwa cheti cha mgeni, si kuiuza wala kuikodisha. Wakigundua wanaifuta, na akaunti inaweza kusimamishwa. Kwa hivyo kodisha ya Malindi tu, achana na za kubadilishana hata mtu akikuomba ya Dubai.

Utaratibu ninaowaambia wanachama wetu ni huu. Mteja anatanguliza sehemu, tuseme theluthi. Pesa ikishaingia kweli, unabuku, unampa namba ya bukingi. Yeye anapiga simu hotelini mwenyewe, kwa namba aliyoitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya hoteli, si uliyompa wewe, na usione vibaya. Habari za mwenye pointi hatutoi kwa kila anayepiga, lakini akiwa na namba ya bukingi na jina lake, tunamjibu kama ipo, tarehe gani mpaka gani, nyumba ya aina gani. Akiridhika anamaliza deni. Hapo ndipo unatoa cheti cha mgeni. Kwa njia hiyo kila mmoja amehatarisha kidogo, na hakuna aliyehatarisha yote.

Mteja mwema atakuuliza pia: "Je, ukiifuta baada ya mimi kulipa?" Ni swali la haki, kwa sababu mwenye akaunti kweli anaweza kuifuta mpaka siku ya mwisho. Andikeni makubaliano, hata ukurasa mmoja: tarehe, aina ya nyumba, idadi ya watu, nani analipa ada ya cheti, mgeni akivunja kitu nani analipa, na akiahirisha anarudishiwa kiasi gani. Mwambie mapema kama hoteli inataka amana anapofika. Ugomvi mwingi ninaouona kaunta unatokana na hiyo amana, hata utapeli hauufikii.

Mama wa Shella, Malindi

Marahaba mwanangu, Mungu akulipe. Leo alipopiga nimemwambia akate hizo 18,500 kwenye pesa za Mwitaliano, anitumie zinazobaki. Akakata simu yeye. Hajapiga tena.

Nimesoma kanuni zetu, kurasa 31 kwa miwani miwili. Kukodisha nyumba za hapa naruhusiwa, mradi nisitangaze kwa jina wala nembo ya hoteli. Sasa nawaza kuweka tangazo kwenye kundi la Facebook. Watu wakitaka ushahidi kwamba mimi ni mwanachama, niwatumie nini? Kuna mmoja ameshaniomba picha ya kitambulisho, mbele na nyuma.

Nahodha wa Shela

Shikamoo mamangu. Shela yangu ni ya Lamu, jina moja na yenu. Kitambulisho usitume! Acha nikueleze kwa nini, maana lilinipata mimi, na wageni walioumia walinijia mlangoni.

Nina nyumba ya urithi hapa Shela, ghorofa mbili, huikodisha wakati wa Maulidi na mwisho wa mwaka. Mwaka 2022 mtu mmoja akanitafuta kwenye WhatsApp, ataka nyumba wiki nzima, lakini kwanza "ajiridhishe" kwamba mimi ndiye mwenyewe. Nikampiga picha kitambulisho pande zote mbili. Nikampelekea na picha za nyumba, zile nzuri nilizopigiwa na mgeni mmoja wa Ufaransa: mlango wa nakshi, baraza na mkeka wake, juu darini ambapo bahari yaonekana mpaka Manda. Akashukuru, akanyamaza. Nikajua amepata kwingine.

Tarehe 29 Desemba, baada ya alasiri, niko barazani, naona watu watano watokea kichochoroni. Wamevuka kwa boti kutoka uwanja wa ndege wa Manda. Mbele ni mpagazi na mabegi, nyuma baba, vijana wawili, na mama amebeba mtoto amelala begani, shavu limebonyea kwenye ukanda wa mkoba. Mkononi ana simu. Akaiinua, akatazama mlango wangu, akatazama simu, akatabasamu akasema, "Ndiyo hii hapa, tumefika."

Mle ndani mna wageni wa Mombasa tangu juzi.

Walikuwa wamelipa shilingi 60,000. Walichotumiwa ni picha zangu zile zile na kitambulisho changu, sura yangu. Namba ya kulipia ilikuwa ya mtu mwingine, jina la mwanamke, wakaambiwa ni mke wangu. Yule baba alinitazama usoni, akatazama kitambulisho kwenye simu, na kwa muda nikaona kwamba mimi ndiye mwizi machoni pake. Sitalisahau jicho lile. Dada yangu ana chumba juu, tukawalaza siku mbili bila malipo, na siku ya tatu wakapata nyumba Lamu mjini. Polisi tulienda, tukaandikisha. Pesa hazikurudi.

Basi mamangu, mtu akitaka ushahidi, usimpe karatasi ambayo kesho anaweza kuivaa yeye. Mimi sasa hutoka na simu mpaka gatini, huanza kurekodi video, hutaja jina la mteja na tarehe ya leo, kisha hutembea bila kukata mpaka mlangoni pangu. Ni dakika sita, na hakuna tapeli awezaye kuitumia kwa mteja mwingine, kwa sababu jina lililotajwa si lake. Wewe huwezi kupiga video ndani ya hoteli kama wamekataza, lakini waweza kufungua akaunti yako mbele ya mteja kwa simu ya video, aone jina lako na pointi, huku vidole vimeziba namba ya uanachama.

Na kuna njia kongwe kuliko simu. Malindi hakuna mtu asiye na jamaa. Mwambie mteja amtume ndugu, rafiki, hata fundi wake, aje kukuona nyumbani, mnywe chai. Tapeli hatamtuma mtu. Wala tapeli hatakuwa na nyumba Shella ambayo jirani wanamjua marehemu mumewe.

Ikilazimu kabisa kutoa nakala ya kitambulisho, andika juu yake kwa kalamu, mstari upite katikati: "Kwa fulani, kwa ajili ya kukodi nyumba tarehe fulani, si kwa matumizi mengine."

Mtoto wa Maweni

Shikamoo mama. Nimezaliwa Maweni hapo hapo Malindi, sasa niko Orlando, mji uliojaa hoteli za taimushea pengine kuliko wowote, na nimefanya kazi za usafi kwenye mojawapo. Kijana aliyekupigia hakubuni kitu. Huku mchezo huo ni wa miaka mingi: simu inaingia kwa mzee, mteja yupo tayari, bei ni ya kushangaza, tanguliza kodi kidogo. Ukituma ya kwanza inazuka ya pili, ada ya benki, halafu ya forodha, halafu ya "serikali ya Meksiko". Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwekea vikwazo watu na makampuni ya huko Puerto Vallarta, Meksiko, kwa utapeli wa taimushea, na ikasema wazi kuwa nyuma yao ni genge la dawa za kulevya la Jalisco. Wengi walioliwa ni wazee.

La kuongezea: mtu akikulipa kuzidi mlichopatana na kukuomba umrudishie ziada, usirudishe siku hiyo. Hundi inaweza kukataliwa na benki baada ya wewe kutuma ziada yako, na kadi ikiwa ni ya wizi, mwenye kadi ataidai. Ngoja benki ikuambie kwa kinywa chake kwamba pesa ni yako.

Na mtu wa pili atakuja, mama. Atasema yeye ni wakili au afisa, anaweza kukurudishia hasara ya yule wa kwanza, kwa ada ndogo. Ni wale wale.

Mama wa Shella, Malindi

Wanangu, nimerudi kuwapa habari, maana mlinikalia kitako kama watoto wangu wa kuzaa.

Tangazo liliniletea watu kumi na mmoja. Mmoja hakuuliza hata nyumba ina vitanda vingapi. Akasema analipa yote 75,000 sasa hivi, na kweli baada ya dakika mbili ukaingia ujumbe: "Imethibitishwa. Umepokea Ksh75,000.00." Moyo ulinidunda. Kisha akapiga haraka haraka: mama, nimekosea, ilikuwa nitume 45,000, nirudishie 30,000, niko hospitali na mgonjwa.

Alipotaja hospitali nikatulia, maana miaka 33 nimewafundisha wanafunzi wauguzi kwamba haraka ya jamaa wa mgonjwa isikufanye uache kusoma chati. Nikavaa miwani. Ujumbe umetoka namba ya kawaida ya 07, hausemi MPESA juu kama mwingine wote. Namba ya kumbukumbu nikaihesabu kwa kidole: herufi na tarakimu tisa. Nikarudi kwenye ujumbe wangu wa zamani, wa maji, wa stima, wa binti yangu, zote ni kumi. Na salio lililoandikwa lilikuwa 75,340 wakati asubuhi nilikuwa na 2,100 na sijatoa kitu. Nikapiga *334# nikaangalia salio lenyewe. 2,100. Nikautuma ujumbe ule 333, namba ya kuripoti utapeli, kama binti yangu alivyonielekeza, na yule mtu sikumjibu.

Mteja wa kweli ni mwalimu wa Voi. Huyu aliuliza mpaka nikachoka: jiko ni la gesi au la umeme, mtoto wa miaka minne anahesabiwa, bahari inakuwaje Desemba. Nikamwambia Desemba ni kaskazi, fukwe ziko wazi, mwani ulioletwa na kusi umeshaondoka. Shemeji yake ana duka la vitambaa mjini. Alikuja nyumbani Ijumaa baada ya swala, nikamkaangia mahamri, akaona akaunti yangu kwa macho yake, na kumbe marehemu alikuwa akimnunulia kikoi mle dukani kila Idi. Alikaa saa moja na nusu.

Mwalimu akatuma 25,000. Nikaangalia salio kwanza, ndipo nikabuku, tarehe 21 hadi 28. Akapiga hotelini mwenyewe, wakamthibitishia. Akamaliza 50,000 zilizobaki. Makubaliano tumeandika ukurasa mmoja kwa kalamu, nakala mbili, shemeji ametia sahihi kama shahidi. Ada ya cheti nimeibeba mimi. Cheti cha mgeni kilitoka jana, kina majina yao matano, na nimeyasoma herufi kwa herufi nikilinganisha na aliyoniandikia. Jina la mtoto mdogo walikuwa wamelikosea, wamelirekebisha.

Zimebaki pointi 18,000. Nilikuwa nizitangaze nazo, wakaja watu wawili kuziulizia. Lakini jana usiku nilimpigia binti yangu wa Nairobi nikamsimulia habari za mwalimu na watoto wake, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza zile 18,000 zinatosha siku ngapi. Novemba, nyumba ya chumba kimoja, siku nne. Anakuja na wajukuu, na amesema nami nitalala kule kule.